Kumtumia ndugu pesa katika nchi yenye vikwazo: njia sita zikilinganishwa

Mtu anayesubiri pesa ya dawa mjini Havana, Tehran au Yangon kwa kawaida hayumo kwenye orodha yoyote ya vikwazo. Jina lake halijulikani Washington wala Brussels. Kilichofungiwa ni benki anayopitishia mshahara wake, au kampuni ya serikali inayopokea fedha kutoka nje, au karibu biashara yote ya fedha kati ya nchi yake na ulimwengu. Ndiyo maana ukiuliza kama unaruhusiwa kumtumia mama yako pesa, sheria mara nyingi inakujibu ndiyo, halafu mfumo wa benki unakujibu hapana.

Hofu ya benki ina chanzo. Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kuilipa Marekani karibu dola bilioni 9 kwa sababu ya miamala iliyohusu Sudan, Iran na Cuba. Benki inayopata dola chache kwenye muamala wako haioni faida ya kujiweka karibu na adhabu ya aina hiyo, hata muamala wako ukiwa halali kabisa. Wanaoumia ni wazee, wagonjwa na wanafunzi, na mimi hilo naliona kuwa dhuluma hata pale ninapoielewa hesabu yake. Lakini mwenye ndugu anayesubiri hana muda wa kungoja benki zibadilike. Anahitaji kujua njia zilizopo, kila moja inadai nini, na inaweza kumwangusha wapi.

Vigezo tutakavyotumia

Sheria. Wengi huangalia sheria moja tu, ya nchi wanayoishi. Zinaweza kukugusa tatu: ya mahali unapoishi, ya uraia wako, na ya sarafu unayotuma. Raia wa Marekani, au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu cha huko, hufuatwa na kanuni za OFAC, ofisi ya vikwazo iliyo chini ya Wizara ya Fedha ya Marekani, hata akihamia bara jingine. Dola nazo zikitumwa kibenki karibu kila mara hupitia benki ya Marekani, na zikipita huko sheria ya huko inazishika, hata kama mtumaji na mpokeaji hawajawahi kuikanyaga nchi hiyo. Tofautisha pia aina ya vikwazo. Vile vya Marekani dhidi ya Cuba, Iran na Korea Kaskazini vinagusa nchi nzima: kila kitu kimekatazwa isipokuwa kilichoruhusiwa. Vile vya Urusi au Myanmar vinalenga watu, benki na sekta fulani: mengi yanaruhusiwa isipokuwa yaliyokatazwa, ingawa orodha ya yaliyokatazwa ni ndefu.

Gharama halisi. Ada iliyoandikwa kwenye risiti ni sehemu ndogo ya gharama. Sehemu kubwa hujificha kwenye kiwango cha kubadilishia, kwa sababu nchi zenye vikwazo mara nyingi huwa na viwango viwili, rasmi na cha mitaani. Myanmar iliweka kiwango rasmi cha kyat 2,100 kwa dola mwezi Agosti 2022, lakini miaka miwili baadaye mitaani dola ilikuwa ikiuzwa kwa zaidi ya maradufu ya hapo. Cuba iliweka peso 120 mwaka huohuo, na kufikia 2025 soko la mitaani lilikuwa limevuka peso 400. Mpokeaji anayelipwa kwa kiwango rasmi katika hali kama hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya thamani bila yeyote kuonekana amemtoza kitu. Kwa hiyo swali la kumuuliza wakala ni moja: mikononi mwa mpokeaji zitafika ngapi, na kwa sarafu gani?

Kufika. Itachukua muda gani, na mpokeaji atazichukulia wapi? Tawi lililo kilomita 300 kutoka kwake si tawi.

Usalama wa mpokeaji. Nani atajua kwamba amepokea pesa, na je, kule aliko kupokea kwa njia hiyo ni kosa? Kigezo hiki ndicho watumaji tunachokisahau kuliko vyote, kwa sababu hatari hiyo haiko upande wetu.

Ushahidi. Ukiulizwa miaka mingi baadaye, utaonyesha nini? Marekani iliongeza muda wa kushtaki makosa ya vikwazo kutoka miaka 5 hadi 10 mwezi Aprili 2024, na tangu Machi 2025 kumbukumbu zinatakiwa kutunzwa miaka 10. Tena faini ya kiraia huko, na Uingereza pia tangu Juni 2022, inaweza kutozwa bila kuthibitishwa kwamba ulijua unakosea.

Njia ya kwanza: benki kwa benki

Sheria. Hii ndiyo njia inayokaguliwa kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo iliyo wazi zaidi kisheria ikikubalika. Kwa Iran, kanuni za Marekani zinaruhusu pesa za mtu binafsi kwa mtu binafsi, zisizo za biashara, ila benki ya Marekani haiwezi kushughulika moja kwa moja na benki ya Iran. Lazima benki ya nchi ya tatu isimame katikati. Mpaka wa maneno "zisizo za biashara" ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Kumtumia kaka kodi ya nyumba ni sawa. Kumtumia kiasi kilekile aongeze mtaji wa duka la familia si sawa, na kanuni inataja biashara za familia waziwazi.

Gharama. Ada ya mtumaji, makato ya kila benki ya kati, kisha kiwango rasmi mwishoni. Kwa kiasi kikubwa katika nchi ambayo kiwango rasmi hakiko mbali na cha mitaani, ni nafuu. Pengo likiwa kubwa, inakuwa ghali kuliko zote.

Kufika. Siku chache, au wiki kadhaa, au isifike. Benki za Iran zilikatwa kwenye SWIFT, mtandao ambao benki hutumia kupelekeana ujumbe wa malipo, mwaka 2012, na baadhi tena Novemba 2018. Benki saba za Urusi zilikatwa Machi 2022. Lakini si benki zote za Urusi zilizokatwa, na hapo ndipo kazi ya mtumaji ilipo: kujua jina kamili la benki ya mpokeaji na kulitafuta kwenye orodha za OFAC, Umoja wa Ulaya na Uingereza. Angalia na wamiliki wake. Kwa kanuni ya Marekani, kampuni inayomilikiwa kwa asilimia 50 au zaidi na waliofungiwa inahesabiwa imefungiwa hata kama jina lake halijaandikwa popote.

Usalama na ushahidi. Mpokeaji anabaki na kumbukumbu safi, nawe pia. Upande wa pili wake ni kwamba serikali ya kule inaona kila kitu. Kwa wengi hilo si tatizo. Kwa ndugu wa mwandishi wa habari au mwanaharakati aliyekimbia, ni tatizo kubwa.

Inamfaa mwenye kutuma kiasi kikubwa kwa nadra, kama ada ya mwaka au gharama ya upasuaji, kwenda nchi yenye vikwazo vya walengwa ambako mpokeaji anaweza kufungua akaunti katika benki isiyoguswa. Mweleze benki yako kabla ya kutuma. Ukiwa na jina linalofanana na la mtu aliyeorodheshwa, kama wengi wenye majina ya Kiislamu au ya Kirusi, toa tarehe ya kuzaliwa na nakala ya pasipoti ya mpokeaji mapema. Kwenye sehemu ya maelezo andika ukweli mfupi, kwa mfano matumizi ya nyumbani ya familia. Kuficha mji au nchi ili mfumo usishtuke hugeuza muamala halali kuwa udanganyifu.

Njia ya pili: kampuni za kutuma pesa

Western Union, MoneyGram na wenzao wana leseni, wana mawakala hadi miji midogo, na mpokeaji hahitaji akaunti. Kwa familia nyingi ndiyo njia ya kwanza kufikiriwa, na inastahili.

Sheria. Ukaguzi ni wa kampuni, lakini wajibu wa kusema kweli kuhusu mpokeaji ni wako. Zipo leseni za jumla, yaani ruhusa zilizotolewa kwa kila mtu bila kuombwa, zinazowezesha kampuni hizi kufanya kazi. Mfano ni ile ya OFAC ya Desemba 2021 iliyoruhusu pesa za kifamilia kwenda Afghanistan baada ya Taliban kuchukua nchi.

Gharama. Benki ya Dunia hufuatilia bei hizi, na wastani wa dunia umekuwa zaidi kidogo ya asilimia 6 ya kiasi kinachotumwa, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kwenye nchi zenye vikwazo, ushindani ukiwa mdogo, usitegemee wastani.

Kufika. Dakika hadi saa chache, njia ikiwa wazi. Udhaifu wake ni kwamba inafungwa ghafla. Cuba ni somo. Western Union ilifunga huduma kutoka Marekani Novemba 2020 baada ya mshirika wake, kampuni ya kijeshi Fincimex, kuwekwa kwenye orodha ya waliozuiwa. Ikarudi 2023 kupitia mshirika mwingine, Orbit, na ikasimama tena Februari 2025 baada ya Orbit nayo kuorodheshwa. Kwa Urusi Western Union iliondoka Machi 2022. Kwa Afghanistan kampuni hizi zilisimama katikati ya Agosti 2021 na Western Union ikarudi mwanzoni mwa Septemba. Kilichokata huduma Cuba hakikuwa mtumaji wala mpokeaji. Kilikuwa mkono wa mwisho unaolipa. Muulize wakala ni nani analipa upande wa pili.

Usalama na ushahidi. Risiti ni nzuri, na namba ya muamala ukimpa mpokeaji peke yake inatosha kumlinda. Hatari iliyobaki ni ya mlangoni: mtu anayetoka na noti kwenye duka ambalo mji mzima unajua ni la kupokea pesa za nje.

Inamfaa mwenye kutuma kiasi cha wastani kila mwezi, na mwenye dharura ya leo, mradi athibitishe siku hiyohiyo kwamba njia iko wazi.

Njia ya tatu: hawala

Hii nitaikalia zaidi, kwa kuwa ndiyo inayolisha familia nyingi pale njia mbili za kwanza zinapofungwa, na ndiyo inayosemwa vibaya na vizuri kupita kiasi.

Unampa wakala pesa hapa. Anamtumia ujumbe mwenzake aliye kule. Mwenzake anamlipa ndugu yako kwa fedha ya kule, akionyeshwa namba ya siri. Hakuna noti iliyovuka mpaka. Deni kati ya mawakala wawili hulipwa baadaye, mara nyingi kwa biashara: wa hapa anamlipia wa kule shehena ya mchele au vipuri. Soko la Sarai Shahzada mjini Kabul limeendeshwa hivyo katika utawala mmoja baada ya mwingine, na benki zilipokauka noti mwaka 2021 watu walirudi kwa masarafu wake, yaani wabadilishaji fedha wa soko hilo.

Sheria. Hawala si haramu kila mahali, wala si halali kila mahali. Falme za Kiarabu huisajili kupitia Benki Kuu. Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinataka mtoa huduma awe amesajiliwa au kupewa leseni kama kampuni nyingine yoyote ya fedha. Asiyesajiliwa anatenda kosa hata kama pesa zenyewe ni safi. India inaikataza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakala ni namba yake ya usajili, ukaihakiki mwenyewe kwenye daftari la msimamizi. La pili ni gumu zaidi, nalo ni jinsi deni linavyolipwa. Wewe unamjua wakala wa hapa. Humjui mfanyabiashara anayelipia shehena, na ikiwa yeye yumo kwenye orodha, pesa yako imehesabiwa pamoja na yake. Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani iliifungia Al-Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa ya hawala ya Wasomali, na familia zisizohusika na lolote zikajikuta hazina pa kupokelea. Baadhi ya waliotajwa waliondolewa kwenye orodha baadaye, lakini biashara ilikuwa imekwisha kufa.

Gharama. Hapa hawala mara nyingi inashinda. Kamisheni ni ndogo na kiwango ni cha soko. Isipokuwa kule ambako wakala mwenyewe anahatarisha maisha: pesa zinazopelekwa Korea Kaskazini kupitia madalali wa China hukatwa asilimia 30 au zaidi.

Kufika. Mara nyingi siku hiyohiyo, hata kwenye kijiji ambacho hakijawahi kuona tawi la benki.

Usalama na ushahidi. Usalama unategemea heshima ya wakala katika jamii yake, na heshima hiyo kwa kawaida ni nzito, kwa kuwa akimdhulumu mmoja biashara yake imekwisha. Ikitokea amekamatwa au duka lake limefungwa, huna pa kudai. Wakala aliyesajiliwa atakupa risiti na kukuomba kitambulisho. Asiyekuomba chochote anakuachia wewe mzigo wote wa kueleza.

Inamfaa anayeishi ambako hawala iliyosajiliwa ipo, mwenye ndugu aliye mbali na miji, katika nchi ambayo pengo la viwango ni kubwa. Haimfai mwenye kazi au maombi ya ukaazi ambayo yatachunguzwa mpaka senti ya mwisho, kama hana risiti ya kuonyesha.

Njia ya nne: kubeba mkononi

Sheria. Kusafiri na pesa taslimu ni halali sehemu nyingi, sharti ni kutoa tamko. Umoja wa Ulaya unadai tamko kuanzia euro 10,000, Marekani ikizidi dola 10,000, na nchi unayoingia ina kiwango chake. Kugawa bunda kati ya wasafiri wa familia moja ili kukwepa tamko ni kosa, hata pesa zikiwa za halali. Kuna na makatazo ya noti zenyewe: Umoja wa Ulaya umezuia kupeleka noti za euro Urusi, isipokuwa matumizi binafsi ya msafiri na ndugu wa karibu anaosafiri nao. Maana yake kumbebea jirani bahasha yake hakumo kwenye ruhusa hiyo.

Gharama. Kama ulikuwa unasafiri, karibu hakuna, na ndugu atabadilisha kwa kiwango anachokipata mwenyewe. Ukimtuma mtu, anataka chake. Cuba wapo wabebaji wa kawaida wanaoitwa mulas, wanaoishi kwa kazi hiyo. Angalia pia hali ya noti. Myanmar dola yenye mkunjo au doa hukataliwa au kubadilishwa kwa bei ya chini.

Kufika. Kwa kasi ya safari. Haiwezi kuwa mpango wa kila mwezi.

Usalama na ushahidi. Msafiri ndiye hazina, na kila kituo cha ukaguzi kinalijua hilo. Nakala ya tamko la forodha, risiti ya kutolea pesa benki na ujumbe wa mpokeaji kwamba amepata vinatosha kuwa kumbukumbu nzuri. Bila hivyo, hakuna kitu.

Inamfaa anayekwenda mwenyewe, au aliye na ndugu wa damu anayekwenda, na kiasi kisichozidi kile ambacho familia inaweza kuvumilia kukipoteza.

Njia ya tano: sarafu za kidijitali

Sheria. Kumekuwa na dhana kwamba vikwazo haviifikii kripto. Vinaifikia kikamilifu. Novemba 2023 Binance, soko kubwa la kununulia na kuuzia kripto, ilikiri makosa na kukubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4.3, na miongoni mwa makosa hayo ni miamala iliyowaunganisha wateja wa Marekani na wa Iran. Kilicho halali kwa dola ndicho halali kwa kripto, na kilichokatazwa vilevile. Angalia pia sheria ya kule: mwaka 2022 Afghanistan, polisi wa Herat walifunga maduka ya kripto na kukamata wenye nayo. Huwezi kuamua kwa niaba ya dada yako kwamba hiyo ni hatari ndogo.

Gharama. Kutuma kwenyewe ni senti hadi dola chache. Gharama iko milangoni, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Bitcoin inaweza kushuka kabla mpokeaji hajaiuza, ndiyo maana wengi hutumia sarafu zilizofungwa na dola, hasa USDT.

Kufika. Dakika chache hadi kwenye pochi ya kidijitali, yaani programu ya kuhifadhia sarafu hizo. Kutoka kwenye pochi hadi mkate ni safari nyingine, inayotaka simu, umeme, mnunuzi na intaneti. Iran ilikata intaneti Novemba 2019, na tena Juni 2025.

Usalama na ushahidi. Ukikosea anwani pesa zimekwenda. Mtoaji wa USDT, kampuni ya Tether, anaweza kuzuia pochi yoyote. Machi 2025 alizuia pochi za soko la Urusi la Garantex, lililokuwa kwenye vikwazo tangu 2022, na soko likasimamisha utoaji kwa wateja wote. Juni 2025 soko kubwa la Iran, Nobitex, liliibiwa karibu dola milioni 90. Kumbukumbu za mnyororo (blockchain), daftari la wazi la miamala yote ya kripto, hazifutiki, jambo ambalo ni zuri kwa ushahidi ukiwa msafi, na baya ikiwa sarafu ulizonunua zilipita mikono michafu kabla yako.

Inamfaa mtu anayeijua tayari pande zote mbili, mwenye soko lenye leseni linalokubali muamala huo wazi, na mpokeaji asiyevunja sheria ya kwake kwa kupokea. Idadi ya wanaotimiza yote matatu ni ndogo kuliko idadi ya wanaoshauriwa kuitumia.

Njia ya sita: kulipia moja kwa moja

Badala ya pesa unatuma muda wa maongezi, chakula kutoka duka la mtandaoni, au unalipa bili. Kwa Cuba njia hii imekuwa kubwa: aliye nje analipa, na kapu la chakula linafika mlangoni kwa mama.

Sheria. Kuna mtego mmoja hapa. Ruhusa ya kumtumia mtu binafsi pesa haimaanishi ruhusa ya kuilipa taasisi. Hospitali au chuo kikiwa cha serikali iliyofungiwa, bili ya mama yako inakuwa malipo kwa serikali hiyo, na inahitaji ruhusa ya pekee ya mamlaka ya vikwazo. Chakula na dawa vina ruhusa pana katika mipango mingi ya vikwazo, ila usikisie.

Gharama. Bei za maduka hayo huwa juu ya za sokoni. Linganisha na kile ambacho mpokeaji angenunua kwa pesa ambazo zingemfikia baada ya kubadilishwa. Wakati mwingine kapu ghali hushinda noti zinazoyeyuka.

Kufika. Saa hadi siku chache mijini, vijijini kwa shida.

Usalama na ushahidi. Vyote vizuri, hakuna aliyeibiwa noti, na oda ina jina na tarehe. Kinachopotea ni hiari. Mtu mzima anayechaguliwa mchele na sabuni kila mwezi na mtu aliye mbali hunyimwa kitu, hata kama hasemi. Muulize.

Inamfaa mzee asiyeweza kupanga foleni, mgonjwa, au familia iliyo katika mfumuko mkali wa bei.

Hali yako ikiwa hii

Mpokeaji ana akaunti, vikwazo ni vya walengwa, na benki yake haimo kwenye orodha: anza na benki. Kama imo, gharama ya yeye kufungua akaunti kwingine ni ndogo kuliko ya kuzungukazunguka.

Unatuma kila mwezi kwenye nchi iliyofungiwa nzima: tumia kampuni yenye leseni iliyo wazi wakati huo, na uandae njia ya pili mapema, wakati hakuna shida. Mambo hubadilika kwa pande zote. Marekani iliondoa mpango wake wa vikwazo dhidi ya Syria mwishoni mwa Juni 2025, na Septemba mwaka huohuo vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran vikarudi. Taarifa ya mwaka jana, hata ukiipata kwa mtu unayemwamini, ihakiki.

Mgonjwa yuko hospitali leo: kampuni ya kuchukulia taslimu, au hawala iliyosajiliwa. Siku hiyo si siku ya kumfundisha shangazi kufungua pochi ya kidijitali.

Pengo la viwango ni kubwa: waombe mawakala wote wakupe kiasi kitakachofika, kisha linganisha na kapu la bidhaa.

Mpokeaji yuko eneo la vita au anafuatiliwa: yeye ndiye achague. Anajua ni mlango upi unaoangaliwa.

Unafikiria kumtumia rafiki wa nchi jirani azipeleke: inaweza kuwa halali, lakini pale tu ambapo mtoa huduma anaambiwa mpokeaji wa mwisho ni nani na yuko wapi. Ukificha hilo umekwepa vikwazo. Chini ya sheria ya Marekani, kufanya hivyo kwa makusudi kunaweza kufikia kifungo cha miaka 20 na faini ya dola 1,000,000.

Pesa zako zimekwama tayari: iulize benki, kwa maandishi, kama zimekataliwa au zimezuiwa. Zilizokataliwa hurudi kwako, na unaweza kujaribu njia nyingine halali. Zilizozuiwa zinakaa kwenye akaunti maalumu yenye riba, benki haina mamlaka ya kuzirudisha, na anayeweza kuziachia ni mamlaka ya vikwazo baada ya kuombwa leseni. Maombi kwa OFAC hayana ada na yanafanywa mtandaoni. Ambatanisha risiti, uthibitisho wa undugu, kitambulisho cha mpokeaji na maelezo ya matumizi, na wakati unasubiri jibu usitume kiasi kingine kupitia benki hiyohiyo ya kule.